Matokeo Yaliyobandikwa Mlangoni

Waheshimiwa wazee, akina mama, walimu wenzangu na vijana mliojaa huko nyuma, nawashukuru kwa kunialika tena hapa Kakamega. Wengi wenu mmeshanisikia nikilizungumzia jambo hili la kusoma fomu za matokeo ya kura, na yuko mzee mmoja hapa mbele ambaye hunimalizia sentensi kabla sijafika katikati. Leo namwomba anivumilie, kwa sababu Jumanne ya tarehe 10 Agosti 2027, siku ya uchaguzi mkuu, haiko mbali na bado nasikia wimbo ule ule kwenye stendi ya matatu na kwa kinyozi: walituibia, watatuibia tena. Anayeuimba, ukimwuliza kituo chake kilitoa matokeo gani mwaka 2022, hajui. Ukimwuliza kama aliiona fomu iliyobandikwa mlangoni, atakuuliza, fomu gani?

Ndugu zangu, kura ya Kenya huhesabiwa darasani. Haihesabiwi Nairobi, haihesabiwi Bomas, ule ukumbi wa kujumlishia matokeo ya urais, wala haihesabiwi kwenye runinga. Kituo kimoja hakizidi wapiga kura 700, na sanduku likifunguliwa usiku, hesabu hufanywa pale pale mbele ya mawakala wa wagombea, na ya urais ikaandikwa kwenye Fomu 34A, ikatiwa sahihi, na nakala moja ikabandikwa mahali ambapo umma unaweza kuiona. Mwaka 2017 Mahakama ya Rufaa, katika kesi iliyoletwa na mtetezi wa haki za binadamu Maina Kiai na wenzake, ilisema wazi kwamba matokeo ya urais yaliyotangazwa huku mashinani ni ya mwisho na kwamba hakuna mtu wa makao makuu mwenye ruhusa ya kuyabadilisha. Huko juu kazi yao ni kujumlisha na kuhakiki.

Mwaka 2022 nilikuwa wakala katika shule moja ya msingi, na acheni niwaeleze nilichokiona, hata kama kitachukua muda wangu mwingi. Tuliunganisha madawati manne, taa ya sola ikaning'inizwa kwenye msumari wa ubao, na msimamizi wa kituo akaanza na kura za urais. Alikuwa akiinua karatasi moja moja, anatamka jina, kisha anaizungusha polepole ili kila wakala aione, na karani anachora mstari kwenye daftari. Ilipotimu saa nne usiku ikatokea karatasi ambayo mwenyewe hakuweka alama ya kalamu. Alikuwa amebonyeza kidole gumba chenye wino, na ukingo wa wino ukagusa mstari unaotenganisha wagombea wawili. Tulibishana juu ya karatasi hiyo kwa muda mrefu kuliko tulivyobishana juu ya jambo lingine lolote usiku ule. Kanuni zinasema kwamba kura haikataliwi kwa sababu tu alama haikuwekwa mahali pake hasa, mradi nia ya mpiga kura ionekane, na kidole chote, isipokuwa ule ukingo, kilikuwa ndani ya kisanduku cha mgombea mmoja. Ikahesabiwa. Mimi nilikuwa wakala wa mpinzani wa mgombea huyo, nami nilikubali.

Wakati huo wote wakala mmoja alikuwa amelaza kichwa kwenye dawati. Simlaumu sana. Alikuwa ameteuliwa jioni ya kuamkia uchaguzi, hakupewa chakula wala nauli, na hakuna aliyemfundisha fomu inasomwaje. Aliamshwa saa tisa, akatia sahihi bila kuangalia namba hata moja, akaondoka. Wiki iliyofuata mgombea wake, ambaye sitamtaja, alisimama mbele ya watu akalia kwamba ameibiwa kituoni petu! Ameibiwa na nani, jamani, ikiwa mtu aliyemtuma kumlindia alikuwa anakoroma?

Najua mtasema kwamba fomu nazo hughushiwa. Ndiyo maana nasema ya mlangoni isomwe na ipigwe picha. Tarehe 1 Septemba 2017 Mahakama ya Juu ilifuta uchaguzi wa urais, na sehemu kubwa ya kesi hiyo ilihusu jinsi matokeo yalivyosafirishwa, pamoja na tume ya uchaguzi, IEBC, kumtangaza mshindi kabla haijazipokea Fomu 34A zote. Mwaka 2022 tume iliziweka fomu hizo kwenye tovuti ambayo yeyote mwenye simu aliweza kuifungua. Makamishna wanne kati ya saba wakayakana matokeo hadharani, nchi ikashika roho, lakini mahakama ilipolinganisha fomu za karatasi na zile za tovuti haikuona tofauti ya maana. Iwe ulifurahi au ulinuna, ugomvi uliamuliwa na makaratasi ya madarasani.

Na tazameni hesabu yenyewe. William Ruto alipata kura 7,176,141, Raila Odinga akapata 6,942,930. Tofauti ni 233,211. Vituo vilikuwa 46,229. Gawanyeni, mtapata kura tano kwa kituo. Tano! Karatasi tano hazijazi kiganja, na moja yake ingeweza kuwa ile ya kidole gumba.

Kijana mmoja aliniambia juzi kwamba nawachochea watu wachungulie madirishani usiku. Sijasema hivyo. Ukichungulia, askari atakufukuza, na atakuwa na haki. Piga kura, rudi nyumbani, pika, lala; asubuhi nenda mlangoni. Pale shuleni kwetu mtu wa kwanza kuisoma fomu alikuwa mama aliyekuja kuchota maji bombani. Aliweka mtungi chini, akafuata safu kwa kidole, akaniuliza mbona kura zilizokataliwa ni nyingi. Ni swali ambalo hakuna wakala aliyeliuliza. Sisi watu wa Magharibi, kwenye matanga, husomeana mchango wa kila mtu mpaka shilingi ya mwisho, na asiyesikia jina lake husimama akadai lisomwe. Kwa nini kwenye kura tunanyamaza?

Naona mwenyekiti ananionyesha saa. Nilitaka kuzungumzia uandikishaji, nao nitausema kwa kifupi: afisi ya tume katika eneo bunge lako huandikisha wapiga kura bila kungojea msimu wa foleni, kwa hiyo kijana aliyepata kitambulisho hana sababu ya kukaa. Habari ya ghasia za baada ya uchaguzi, za 2007 na 2008, nitaiacha, maana mnaijua na baadhi yenu mlizika watu.

Lakini hili la mwisho siwezi kuliacha. Hapa Kakamega kura ya ugavana iliahirishwa hadi tarehe 29 Agosti 2022 kwa sababu ya makosa kwenye karatasi, na siku hiyo foleni zilikuwa fupi mno, kana kwamba gavana ni jambo dogo. Tunapewa karatasi sita, na macho yetu yote huwa kwenye moja. Tovuti niliyoitaja ilikuwa ya fomu za urais. Fomu za seneta, mbunge, mwakilishi wa wanawake, gavana na mwakilishi wa wadi hazikuwekwa pale, nazo kwenye wadi mtu anaweza kushinda kwa kura chache sana. Kwa hao watano, nakala ambayo mwananchi wa kawaida anaweza kuifikia kwa miguu yake ni ile iliyobandikwa mlangoni, nayo hukaa pale mpaka mvua iifikie au mtoto aichane. Sasa mzee wangu wa hapa mbele, swali lako.