Kocha Msaidizi Akifunga Begi, Anaondoka na Nini?

Ndugu wasikilizaji, kwenye futiboli ya vyuo vya Marekani, ile ya kubeba mpira mikononi, timu ikishinda tu, wengine wanabisha hodi kuchukua makocha wake. Nick Saban aliinoa timu ya Chuo Kikuu cha Alabama kuanzia 2007 hadi 2023, akatwaa ubingwa wa taifa mara 6, huku kiti cha mratibu wa mashambulizi, yule msaidizi anayechagua timu ishambulie vipi, kikipata mtu mpya kila mara. Jim McElwain alikwenda Colorado State, Lane Kiffin Florida Atlantic, Mike Locksley Maryland, Steve Sarkisian Texas. Wote walikwenda kuwa makocha wakuu.

Watu husema wanaondoka na mbinu. Hapana, mbinu zimo kwenye video, kila mpinzani anazitazama. Kinachouma ni lugha, yaani majina ya maagizo ya uwanjani. Kwenye ulinzi wa Saban, neno Rip humwambia beki wa nyuma ashuke upande wa kulia, na Liz ashuke kushoto. Kati ya shambulizi moja na linalofuata kuna sekunde 40 tu. Akija kocha anayeliita jambo lilelile kwa jina lake, kijana wa miaka 19 anaanza kutafsiri kichwani, na mpinzani keshampita. Kwa hiyo kule Alabama, kocha mgeni ndiye aliyejifunza msamiati wa wenyeji. Afadhali mtu mmoja akeshe na daftari kuliko kikosi kizima.

Halafu kuna Desemba. Tangu 2017 vijana wa sekondari husaini kujiunga na timu za vyuo mwezi huo, na ndio mwezi wa kuajiri makocha. Msaidizi aliyepata kazi kwingine anaandaa mechi za mchujo mchana, usiku anawapigia simu wazazi wa vijana hao kwa niaba ya mwajiri mpya.

Kiffin alikuwa hivyo. Alabama iliachana naye Januari 2017, wiki moja kabla ya fainali, na Sarkisian akashika usukani. Hakuokotwa njiani: msimu ule alikuwa mchambuzi palepale, kwa kanuni za wakati ule hakuruhusiwa kufundisha uwanjani, lakini lugha aliijua. Hiyo ndiyo akiba ya maana kuliko zote, maana vyuo vingi hutafuta mrithi baada ya kiti kuwa wazi. Hata hivyo wapinzani wao wa fainali, Clemson, walishinda 35-31, sekunde 1 ikiwa imebaki. Clemson ilianzisha mpira mara 99, na walinzi wa Alabama walikuwa hoi. Sitambebesha Sarkisian lawama yote, ila mashambulizi yakitoka uwanjani upesi, walinzi hawapati pumzi.

Clemson nayo ilionja mwishoni mwa 2021: Brent Venables, mratibu wa ulinzi, alikwenda Oklahoma, na Tony Elliott, wa mashambulizi, Virginia, ndani ya mwezi mmoja. Kocha mkuu Dabo Swinney akapandisha watu wa ndani. Lugha ilibaki, lakini kuijua lugha si sawa na kuchagua shambulizi la kuita ukiwa nyuma kwa pointi 4. Brandon Streeter, aliyepewa mashambulizi, aliondolewa baada ya msimu wa 2022, akaletwa Garrett Riley kutoka TCU.

Na anayeondoka anaweza kurudi upande wa pili wa uwanja. Kirby Smart aliratibu ulinzi wa Saban misimu 8, akaenda Georgia kuwa kocha mkuu. Tarehe 10 Januari 2022 alimfunga bosi wake wa zamani 33-18 kwenye fainali.