Jengo la KICC Lisilale Chali: Mhadhara kwa Wapiga Picha Wasafiri

Hamjambo, na karibuni. Mgeni akishuka Nairobi na kamera, picha yake ya kwanza mara nyingi huwa ya KICC, jumba la mikutano ya kimataifa la Kenyatta, na mara nyingi jengo hutoka limelala chali. Lenzi husingiziwa bure. Mnara una mita 105, ghorofa 28. Mpigaji anasimama uani, karibu na sanamu ya Mzee Kenyatta, kilele hakiingii, basi anainua kamera. Ikiinuka tu, kuta zinaanza kusogeleana juu.

Dawa ni kurudi nyuma, kamera ikitazama mbele sawasawa. Kurudi kiasi gani? Zidisha urefu wa jengo kwa milimita za lenzi, kisha gawanya kwa 18. Hesabu hii ni ya kamera ya fremu kamili (kihisi chake ni milimita 24 kwa 36), picha ikiwa ya wima. Kwa lenzi ya 24, KICC inataka mita 140 hivi; kwa 16, mita 93. Nusu ya chini ya picha itajaa lami na magari. Ikate baadaye, haina kazi.

Nafasi ikikosekana, inua kidogo na unyooshe kwa programu, lakini acha uwazi pembeni na juu, kwa sababu kunyoosha hula pembe za chini. Tena usinyooshe mpaka mwisho: kichwa cha mnara kitavimba kama uyoga. Asilimia 80 yatosha.

Sasa mwanga, na hapa ndipo wengi waliojifunzia Ulaya hupotea. Nairobi iko nyuzi 1.3 tu kusini mwa ikweta. Mwezi Juni jua la mchana hupita upande wa kaskazini. Desemba hupita kusini. Machi na Septemba linakaa utosini, kuta zote zinabaki bila mwanga wa maana. Kwa hiyo ubavu wa kaskazini una miezi yake. (Bahati mbaya Juni na Julai ndiyo miezi ya mawingu Nairobi. Januari na Februari anga huwa safi zaidi.)

Mnara huu, kazi ya Karl Henrik Nøstvik na David Mutiso iliyokamilika 1973, una mbavu za wima zenye rangi ya udongo wa kuchoma. Jua likiupiga usoni, mbavu zinapotea na jengo linakuwa bomba. Likija kwa ubavu, kila mbavu inatupa kivuli chake. Saa mbili asubuhi, simama kaskazini au kusini mwa mnara.

Kwa picha ya mji mzima nenda Uhuru Park, upande wa magharibi, saa kumi na moja jioni, na lenzi ya 85 mpaka 135. Jua liko mgongoni mwako. Likishatua, anga la buluu hudumu dakika kama 20 tu, hivyo stendi iwe tayari: ISO (wepesi wa kihisi kwa mwanga) 100, tundu la lenzi f/8, anza na sekunde 2, kipima muda kibonyeze badala ya kidole.

Stendi ndiyo humwita askari. Simu mkononi hakuna anayejali, miguu mitatu ikifunguliwa unaulizwa kibali. Uliza getini stendi ikiwa bado imekunjwa.