Wakulima 72 hawako popote: kuchuja safuwima za kukokotolewa kwenye mionekano ya hifadhidata

Mhadhara uliotolewa Kisumu mbele ya watengenezaji programu na maafisa wa takwimu

Wenzangu, hamjambo. Wale wa nyuma mnanisikia? Sawa. Nimepewa saa moja, na nimeonywa kwamba stima ikipotea tuendelee bila projekta, kwa hiyo mifano yangu ni mifupi, inatosha ubaoni.

Wengi wenu mnatunza hifadhidata ambazo hamkuzijenga. Umeajiriwa kaunti, au hospitali, au kiwandani, unakuta aliyekutangulia ameacha mionekano (views, yaani maulizo yaliyohifadhiwa kwa jina na kusomwa kama jedwali) kadha wa kadha, na ndani yake safuwima ambazo hazimo kwenye jedwali lolote: salio, umri, asilimia, hali. Zote zimekokotolewa. Unaandika WHERE salio > 0, orodha inatoka, unaipeleka kwa mkubwa wako, naye anauliza: mbona fulani hayumo, na jana nilimwona na risiti yake?

Nitatumia jedwali la kujitungia. Waliotoka Muhoroni, Chemelil au Awendo hawahitaji kufundishwa malipo ya miwa. Trekta inapita kwenye mizani, tani zinazidishwa kwa bei, halafu yanakuja makato: usafiri, mbolea ya mkopo na mengineyo. Kinachobaki ndicho cha mkulima.

CREATE VIEW malipo AS
SELECT mkulima, tani * bei - usafiri - mbolea AS salio
FROM mavuno;

Tuseme wakulima ni 240. Nauliza wenye salio zaidi ya sifuri, napata 150. Nauliza wenye sifuri au chini yake, napata 18. Jumlisheni.

Ndiyo, 168. Wapo 72 ambao hawana zaidi ya sifuri na hawana sifuri wala chini yake. Kwa hesabu ya darasa la sita jambo hilo haliwezekani. Dada wa pale mbele ameshataja NULL, yaani alama ya thamani isiyokuwepo au isiyojulikana, kabla sijamaliza, na yuko sahihi, lakini ngojeni tuone ni akina nani hao 72. Ni wale ambao hawakuchukua mbolea kwa mkopo. Sehemu ya mbolea iliachwa bila kujazwa, na nambari yoyote ukiitoa NULL, jibu ni NULL. Mkulima ana tani 10, bei tuseme ni shilingi 5,000, usafiri 9,000, angestahili 41,000. Hifadhidata inasema haijulikani. Kichujio nacho kinapitisha kilicho kweli tu, na kulinganisha kisichojulikana na sifuri hakuleti kweli wala si kweli, kunaleta haijulikani. Kwa hiyo asiye na deni hata la gunia moja ndiye anayetoweka kwenye orodha ya malipo. Hilo linaniudhi kuliko hitilafu yoyote inayosimamisha mfumo, maana mfumo ukisimama angalau watu watapiga simu.

Sasa dawa. Kila mtu hapa anajua COALESCE, inayoweka thamani mbadala penye NULL, na kila mtu ataiweka mahali pa kwanza panapomjia akilini, yaani kuzunguka hesabu nzima: COALESCE(salio, 0). Msifanye hivyo. Mkifanya, wale 72 watarudi kwenye hesabu wakiwa na shilingi sifuri, hata yule anayestahili 41,000, na sasa kosa limevaa suti. Iwekeni kwenye mbolea peke yake, kwa sababu hapo kukosekana kwa thamani maana yake hakuna mkopo, na hakuna mkopo ni sifuri. Usafiri je? Inategemea. Kama kuna wanaosafirisha wenyewe, sifuri ni halali. Tani je? Hapana kabisa. Tani zikiwa NULL maana yake trekta haijapita mizani. Ukiziita sifuri, salio litakuwa usafiri wenye alama ya kutoa, na mkulima ambaye miwa yake iko barabarani ataandikiwa kwamba anadaiwa. Kila safuwima iulizwe peke yake ukosefu wake una maana gani, na mwenye jibu mara nyingi si mtu wa kompyuta, ni karani wa mizani.

Kabla ya kugusa kichujio basi, hesabuni mara tatu: wanaokubali sharti, wanaokubali kinyume chake, na wale ambao safuwima yao IS NULL. Hesabu hizo tatu zikijumlishwa zisipolingana na safumlalo zote za mwonekano, kuna jingine. Zikilingana lakini ya tatu si sifuri, mmeshajua pa kuchimba. Ni dakika mbili, na nimeona watu wazima wakishinda kutwa wakibadilisha alama za kulinganisha kwa kubahatisha.

Ugonjwa huo huo unajificha ndani ya CASE, inayochagua jibu kwa masharti, ikiwa haina ELSE, yaani jibu la wasioingia kwenye sharti lolote. Mtu ameandika salio likizidi sifuri hali ni 'alipwe', likipungua ni 'adaiwa', basi. Mwenye sifuri kamili hana hali. Uliza hali <> 'adaiwa' uone kama atatokea. Hatatokea. Kati ya programu za hifadhidata, PostgreSQL ina IS DISTINCT FROM inayolinganisha bila kumwacha mtu, na MySQL ina alama ya <=>, lakini mimi ningerekebisha CASE yenyewe.

Tuingie kwenye jambo la pili, ambalo ndilo lililonifanya nikubali kuja. Mwonekano si ghala. Hauna data ndani yake, una ulizo tu. Ukiandika SELECT juu ya mwonekano, kwa kawaida hifadhidata haianzi kwa kuujaza halafu ichuje. Inalichukua ulizo lako na ulizo la mwonekano, inayaunganisha yawe moja, kisha kipangaji, sehemu inayochagua njia ya kulitekeleza ulizo, kinaamua ni sharti lipi lipimwe kwanza. Mahali ulipoandika salio, panawekwa hesabu nzima ya salio. Kwa hiyo unachochuja ni hesabu, hata kama machoni pako unachuja safuwima.

Madhara yake ni haya. Tuseme kuna jedwali la stakabadhi, na safuwima ya kumbukumbu ni ya maandishi, kwa sababu mizani inaandika nambari na ofisi ya usafiri inaandika maneno kama 'TREKTA-B'. Aliyetutangulia akatengeneza mwonekano unaochukua za mizani tu, WHERE chanzo = 'mizani', na akageuza kumbukumbu kuwa nambari kwa CAST. Ukiufungua mwonekano unaona nambari tupu, safi kabisa. Ukiongeza WHERE namba > 5000, unapata hitilafu kwamba 'TREKTA-B' haigeuki kuwa nambari. Unashangaa: lakini hiyo haimo kwenye mwonekano! Kweli haimo kwenye matokeo. Lakini masharti mawili sasa yako kapu moja, na hakuna kanuni ya SQL inayosema la ndani lipimwe kwanza. Waraka wa PostgreSQL unasema wazi kwamba mpangilio wa kupima vipande vya usemi haujafafanuliwa.

Linalowachanganya watu zaidi ni kwamba ulizo hilo linaweza kufanya kazi miezi na miezi, halafu mtu anaongeza faharasa (index), au takwimu za jedwali zinabadilika, kipangaji kinachagua njia nyingine, na asubuhi moja ripoti inakataa. Kila mtu anaapa hajagusa kitu, na huenda wote wanasema kweli.

Mtu ameuliza: kwani nikiweka ile sehemu ya ndani kwenye WITH, yaani ulizo dogo lenye jina mwanzoni mwa ulizo kuu, si itapimwa kwanza? Swali zuri. Kwenye PostgreSQL ilikuwa hivyo hadi toleo la 11. Toleo la 12, la mwaka 2019, liliruhusu WITH inayotumiwa mara moja iyeyushwe ndani ya ulizo kuu, na ukitaka isiyeyushwe uandike MATERIALIZED. Kwa hiyo waliotegemea ukuta huo bila kuuandika, walipopandisha toleo ukuta ukaanguka kimya kimya. Njia ninayoipenda ni kuilinda hesabu yenyewe: CASE inayohakikisha maandishi ni tarakimu tupu ndipo igeuze. Kwenye SQL Server, tangu toleo la 2012, kuna TRY_CAST, ambayo badala ya kulalamika inarudisha NULL. Na NULL mnajua tumeshaizungumzia.

MySQL ina tabia yake. Ukigeuza 'TREKTA-B' kuwa nambari ndani ya SELECT haikatai, inakupa sifuri na onyo ambalo hakuna anayelisoma. Mimi bora hitilafu.

Tukiwa bado kwa MySQL. Kuna anayependa mwonekano wake upendeze, anaweka FORMAT kwenye salio ili mkuu aone 9,500 yenye mkato. FORMAT inarudisha maandishi. Halafu ripoti inachuja salio > 1000. MySQL inasoma maandishi hayo hadi kwenye mkato, inasimama, na mkulima wa shilingi 9,500 anahesabiwa kuwa na shilingi 9. Anaondolewa. Mapambo yakae kwenye programu ya ripoti, mwonekano ubaki na nambari.

Hili la PostgreSQL nalo ni tamu, acheni nilisimulie. Mtu ametengeneza safuwima ya mwezi kwa to_char, muundo wa 'Month', jina la mwezi kwa Kiingereza. Anachuja mwezi = 'March', hapati kitu. Anajaribu 'June', hapati kitu. 'September', ripoti inatoka vizuri kabisa! Anaamini data ya miezi mingine imefutika. Kumbe to_char hujaza nafasi tupu mpaka herufi zifike tisa, na September ndio mwezi pekee wenye herufi tisa kamili. Wengine wote wana mkia usioonekana. Ongezeni FM mbele ya muundo, ili nafasi hizo zisijazwe, au bora zaidi, chujeni tarehe yenyewe.

Na tarehe nayo. Sisi tuko saa tatu mbele ya UTC, saa ya kimataifa, mwaka mzima. Trekta iliyopita mizani saa saba na nusu usiku wa kuamkia tarehe 1 Aprili, seva inayotunza muda wa UTC inaandika tarehe 31 Machi, saa nne na nusu usiku. Mwonekano ukikata tarehe bila kutaja majira ya Africa/Nairobi, mzigo huo unalipwa mwezi uliopita. Mchana hamtaona kasoro yoyote. Mkiona data ya usiku tu ndiyo inayokosea, msiende mbali.

Kugawanya nitakupitia haraka. PostgreSQL na SQL Server zikigawanya nambari kamili kwa nambari kamili, sehemu ya desimali inatupwa: 9 kwa 10 ni 0. Asilimia ya miwa safi inakuwa sifuri kwa karibu kila mtu, na kichujio cha zaidi ya 80 kinarudi mikono mitupu. MySQL na Oracle hutoa 0.9, ndiyo maana mwonekano uliohamishwa kutoka huko huanza kudanganya ukifika huku. Zidisheni kwa 100.0 kwanza, ndipo mgawanye. Na pesa zisihifadhiwe kwenye float, aina ya nambari za desimali za kukadiria, tafadhali. Huko 0.1 ukijumlisha na 0.2 hupati 0.3 kamili, na alama ya sawasawa haina huruma.

Basi unafanyaje ukikabidhiwa mwonekano wa kigeni wenye jibu la ajabu? Kwanza usome. Kwenye psql ni \d+, MySQL ni SHOW CREATE VIEW, SQL Server ni sp_helptext. Kisha andika ulizo linaloweka malighafi kando ya matokeo: tani, bei, usafiri, mbolea, halafu salio, kwa mkulima mmoja tu unayejua anapaswa kuwemo. Mmoja anatosha. Zile hesabu tatu za mwanzo zifuate. EXPLAIN, amri inayoonyesha mpango wa kipangaji, ije mwisho, uone masharti yako yameishia wapi. Wengi huanza na EXPLAIN kwa sababu inaonekana ya kitaalamu.

Maswali. Kaka wa shati la buluu.

Anasema ana mwonekano unaopanga mizigo ya kila mkulima kwa ROW_NUMBER, wa karibuni zaidi unapewa 1. Anataka mzigo wa mwisho wa kila mkulima kabla ya Aprili, anaandika nafasi = 1 na tarehe < '2024-04-01', na wakulima nusu hawapo.

Hapo hakuna NULL wala hitilafu, ndiyo maana nimefurahi umeuliza. Nafasi imepangwa kwa mizigo yote, pamoja na ya Aprili. Aliyeleta miwa Aprili, mzigo wake wa Machi ni namba 2 au 3. Unachukua namba 1, kisha unaitupa kwa sababu ni ya Aprili, na hakuna kinachobaki. PostgreSQL haiwezi kulisogeza sharti la tarehe ndani ya mpangilio huo, kwa sababu ingebadilisha jibu. Linalosogezwa ni sharti la safuwima iliyo kwenye PARTITION BY, inayogawa safumlalo makundi, kwako ni mkulima. Mwonekano wa kawaida hauna pa kuupa tarehe kutoka nje, kwa hiyo andika ulizo lenye sharti la tarehe ndani, kabla ya kupanga, au tengeneza kitendakazi (function) kinachopokea tarehe. Na ule mwonekano usiufute, kuna mtu ofisini mwako anayeutumia kujua mzigo wa mwisho kabisa, na kwake uko sahihi.