Bandari ya Kale: Tuanze na Vyombo

Asalaam aleikum wazee wangu, kina mama, na nyinyi vijana mliosimama mlangoni. Ingieni, viti vipo.

Nimeombwa nizungumzie kuifufua Bandari ya Kale, hapa Mombasa. Kwanza tujue ilivyodhoofika. Reli ilipoanza kujengwa 1896, vifaa vyake vilishushwa Kilindini, kwenye kina kirefu, na meli kubwa zikazoea huko. Huku Mji wa Kale zikabaki jahazi za kuja na kaskazi na kurudi na kusi, zikileta tende na papa mkavu, zikiondoka na boriti za mikoko. Nazo zikapungua, mwaka hadi mwaka.

Leo kila mtu anataka "kupapendezesha". Sawa. Fort Jesus imo kwenye urithi wa dunia tangu 2011, wageni waje. Lakini mapambo yetu mengi ni ya kuua. Ukuta wetu ni wa matumbawe na chokaa: unavuta unyevu, unautoa. Fundi wa siku hizi anaupiga lipu ya saruji. Maji ya chumvi yanafungiwa ndani, vichwa vya boriti vinaoza, na masika mawili hayapiti lipu inabambuka vipande vya ukubwa wa sinia. Nyumba ya shangazi yangu pale Kibokoni, nje rangi mpya, ndani dari imebinuka kama tumbo la punda. (Msicheke, tunalala chini yake.)

Mtaniambia, mbona pale ufukweni Mama Ngina pametengenezwa 2019 na pamependeza? Kweli, hata mimi huenda kula mihogo na pilipili chini ya mibuyu. Ila pale watu walikuwa wakipunga upepo toka zamani. Forodhani, hapa bandarini kwetu, ni pa kazi. Basi gati kwanza, barafu ya wavuvi, kivuli cha mnada. Mabenchi yatafuata.

Juzi alfajiri nilikuwa soko la samaki pale bandarini. Dalali anapandisha bei ya nguru, mvuvi kamshika mkiani, maji yanamchuruzika mpaka kiwikoni. Akaja kijana na utepe wa kupimia, akamwomba asogee, anapima sakafu ya mkahawa utakaojengwa. Mvuvi akamtazama, akamuuliza kwa upole: "Nisogee wapi, mwanangu?"

Wahandisi mko hapa mbele. Nawapisha mumjibu.