Ndege wa Mkungu na Mtondoo

Wazee wangu shikamooni, na vijana habari za jioni. Nimeombwa niseme juu ya ndege mdogo wa msituni anayeishi kwa kukamata wadudu. Nimemchagua wa Shelisheli, kwa sababu miti anayoitegemea ni ile ile inayotupa kivuli hapa pwani: mkungu na mtondoo.

Wataalamu humwita Terpsiphone corvina. Wenyeji wa kisiwa cha La Digue humwita vev, yaani mjane, kwa weusi wake. Dume ni mweusi mwili mzima, weusi unaometa kibuluu, na mkia wake ni mrefu kuliko mwili. Jike hana mkia huo. Mgongo wake ni kahawia nyekundu, tumbo jeupe, kichwa cheusi. Mgeni akiwaona pamoja atadhani ni ndege wa aina mbili. Binamu yao tunaye huku, yule mwenye mkia mrefu mwekundu anayepitapita bustanini.

Sasa tazameni anavyokula. Hukaa kivulini, chini ya kilele cha mti, macho kwenye upande wa chini wa majani. Akiona mdudu au buibui, huruka na kumdonoa pale pale, au humdaka hewani. Kwa hiyo riziki yake ni majani na unyevu. Penye kinamasi wadudu ni tele, na miti mikubwa yenye majani mapana huwaficha wengi. Kiota ni kikombe kidogo cha nyuzi za mimea kilichofungwa kwa utando wa buibui, mwishoni mwa tawi jembamba linaloning'inia. Yai ni moja tu. Ndege wa yai moja akiwa jirani na paka, mnajua wenyewe.

Edward Newton alimweleza kisayansi mwaka 1867. Zamani alikuwako pia visiwa jirani vya Praslin, Félicité na Marianne. Kisha misitu ya tambarare ikafyekwa kupisha minazi, maana mbata ilikuwa fedha. Zikafuata nyumba, baadaye hoteli. Akabaki La Digue, kisiwa cha kilomita za mraba kama 10, tena zaidi kwenye tambarare ya magharibi, ambako na watu nao wanataka viwanja.

Wapo wanaowalaumu paka na panya. Ni maadui kweli, sibishi. Lakini La Digue ina paka na panya, na ndiko alikosalia! Mimi naona kilichomwokoa ni ile miti mikubwa iliyobaki katikati ya makazi. Ndiyo maana uliposambaa ugonjwa wa mitondoo, kuvu unaoenezwa na mbawakawa wa magome, watu wa ndege walishtuka kama watu wa misitu.

Mwaka 2008 ndege 23 walihamishiwa Denis, kisiwa kidogo cha matumbawe ambako panya walikuwa wameondolewa na sehemu ya minazi imepisha miti ya asili. Walizaliana. Mwaka 2018 wengine 20 walipelekwa kisiwa cha Curieuse, na mwaka 2020 akatolewa katika kundi la viumbe walio hatarini kabisa, akawekwa ngazi mbili chini. Furaha hiyo ina doa. Vipimo vya ngozi kuukuu za ndege hawa zilizohifadhiwa makumbusho vimeonyesha kwamba damu ya kundi la leo imepungua sana utofauti ukilinganisha na ya mababu zao, na hilo kuhamisha ndege hakulirudishi.

Hifadhi ya La Digue ni ndogo, na ndege wengi huishi nje yake, kwenye ardhi ya watu binafsi. Mwenye kiwanja akikata mikungu miwili ajenge chumba cha wageni, anaweza kuwa amefuta eneo zima la dume na jike. Kwa hiyo kazi kubwa kule ni mazungumzo na wenye viwanja, nyumba kwa nyumba, mti kwa mti.

Nimemaliza. Mwenye swali anyooshe mkono.