Indiketa Inawaka, Jua Limeimeza

Ndugu zangu wa bodaboda, na mafundi wenzangu, habari za asubuhi. Asanteni kwa kuacha vijiwe mkaja. Dashibodi hii niliyoshika nimeifungua makusudi. Itazunguka, kila mtu aishike na kuchungulia ndani.

Nianze na jambo lililonileta hapa: taa za dashibodi ambazo juani hazionekani. Siku moja nilitoka Dodoma mjini kwenda Bahi, saa tatu asubuhi, nyuma nimembeba mdogo wangu. Nilipofika Kizota nikakata kulia kuweka mafuta, nikarudi barabarani, indiketa ya kulia ikabaki inawaka. Nyuma yangu likaja lori. Dereva akasubiri nikate kulia, sikati. Akachoka, akaamua kunipita kwa kushoto, na mimi dakika hiyohiyo nasogea kushoto ili nimpishe. Tela lilipita hatua moja kutoka kwenye goti la mdogo wangu. Tuliposimama ndipo nikaziba dashibodi kwa kiganja, nikaona kile kitaa cha kijani kinawaka na kuzima. Kilikuwa kinanieleza tangu Kizota.

Kwa nini sikukiona? Asubuhi ukielekea Bahi jua liko mgongoni, linapita juu ya bega na kutua moja kwa moja kwenye dashibodi. Jioni ukitoka mjini kwenda Ihumwa au Mtumba ni vilevile. Na adhuhuri hapa kwetu hakuna pa kukimbilia: mwanzoni mwa Oktoba na mwanzoni mwa Machi jua linapita utosini kabisa, na Oktoba hata wingu hakuna.

Sasa chungulia ndani ya hiyo dashibodi. Mnaona kijumba cha taa, plastiki nyeupe? Jua linaingia kupitia kioo cha kijani, linagonga ule weupe, linarudi nje likiwa kijani. Kwa hiyo taa iliyozimwa inafanana na iliyowaka. Jicho linatafuta tofauti kati ya kuwaka na kuzima, na jua limeifuta tofauti hiyo. Ndiyo maana wengi wananunua balbu kali zaidi na bado hawaoni. Kinachotakiwa kwanza ni giza kidogo kuzunguka taa.

Giza hilo ni bure. Chukua tyubu iliyochakaa, kata kipande chenye upana wa vidole viwili, kikunje kama kofia juu ya safu ya taa, kishike kwa gundi. Weusi wa tyubu haung'ai, ndiyo maana naupenda kuliko bati. Kofia ielekee machoni pako: panda pikipiki, kaa unavyokaa siku zote, mwenzako aishikilie mpaka uone taa zote, ndipo mgundishe. Mrefu na mfupi hawawezi kutumia kipimo kimoja.

Kabla ya hapo, osha. Vumbi letu la Dodoma lina mchanga. Ukifuta kwa kitambaa kikavu unakwaruza kioo, na kila mkwaruzo unashika jua. Tumia maji na sabuni. Petroli usiguse kabisa, inapasua plastiki ya namna hii na kuifanya ukungu.

Kofia ikiwa tayari, twende kwenye balbu. Balbu ya waya inatoa mwanga wa manjano, na kioo cha kijani kinazuia sehemu kubwa ya mwanga huo. Weka LED, ile taa ndogo ya kisasa isiyo na waya wa ndani: ya kijani nyuma ya kioo cha kijani, nyekundu nyuma ya nyekundu. LED nyeupe inapoteza nguvu nyingi kwenye kioo cha rangi. Lakini msichukue kali kupita kiasi, hasa ile ya bluu inayoonyesha umewasha taa kubwa ya fulu. Usiku njia ya Kongwa ni giza tupu, na kitaa kikali kifuani kinakunyima kuona ng'ombe aliyelala barabarani.

Hapa mafundi naomba msikilize, maana hapa ndipo wateja wanarudi na malalamiko. Pikipiki nyingi zina kitaa kimoja cha indiketa kwa pande zote mbili. Kitaa hicho hakina waya wa ethi, yaani wa hasi unaofungwa kwenye bodi. Kimefungwa kati ya waya wa kushoto na waya wa kulia. Ukiwasha kushoto, umeme unapita kwenye kitaa na kwenda ethi kupitia balbu za kulia. Ukiwasha kulia, unapita kinyume. Balbu ya waya haijali umeme unatoka wapi, LED inajali, maana inapitisha umeme upande mmoja tu. Utaweka LED, itawaka ukikata kushoto, ukikata kulia kimya. Ukiigeuza, tatizo linahamia upande wa pili. LED si mbovu, msiitupe. Nunueni diodi mbili za aina ya 1N4007, vile vijipande vinavyopitisha umeme upande mmoja tu, bei yake ni ndogo sana. Moja kwenye waya wa kushoto, moja kwenye waya wa kulia, zile ncha zenye mstari ziunganishwe pamoja na ziende chanya ya LED. Hasi ipelekeni ethi. Pale pale kwenye maungio ya diodi mnaweza kufunga na baza ndogo ya volti 12, ilie kila indiketa inapowaka. Ya kwangu inalia, na abiria wameshaizoea.

Ukibadilisha na indiketa zenyewe nne kuwa LED, flasha ya zamani, kile kifaa kinachowasha na kuzima indiketa, mara nyingi itaanza kupepesa haraka haraka, maana inategemea mzigo wa balbu. Weka flasha ya elektroniki.

Tukitoka hapa, pikipiki ya kwanza tutaigeuza mgongo kwa jua pale uwanjani. Mwenye tyubu aje nayo, mkasi ninao.