Kupitia rasimu ya riwaya: anza na sura, majina yaache mwisho

Habari zenu waandishi wenzangu, karibuni. Niko hapa Mwanjelwa, Mbeya, kwenye steshenari yangu, na leo tunapitia rasimu ya riwaya. Kazi hii naipenda kuliko kuandika kwenyewe, maana hapa ndipo unaona kitabu kinaanza kusimama.

Hii mezani ni rasimu ya mteja wangu, kaniruhusu niwaoneshe. Aliifungia kabatini mpaka akaanza kuisahau, vizuri sana. Imechapwa upande mmoja wa karatasi, mistari imeachana, pembeni pana nafasi ya kuandika. Hayo mnayajua, twende.

Kalamu nyekundu iweke mbali kwanza. Soma yote mfululizo, kama msomaji. Ukichoshwa mahali, weka alama ndogo pembeni, endelea. Ukianza leo kurekebisha sentensi za sura ya kwanza, utazing'arisha wiki nzima, halafu utagundua sura yenyewe inatakiwa kutoka. Na hutaitoa, utaionea huruma kwa sababu umeshaipendezesha.

Sasa chukua daftari. Kila sura iandikie mistari miwili: nani anataka nini, na mwishoni kimebadilika nini. Nasogeza kamera... haya, mnaona? Sura ya tano, Asha anakwenda sokoni, anarudi. Kimebadilika nini? Hakuna. Ama uifute, ama ile barua ya sura ya sita uilete humu sokoni. Mimi ningeileta barua. Kusoma habari mbaya mbele ya wauza ndizi wanaokufahamu kunauma kuliko kuisomea chumbani.

Kwenye daftari hilohilo, kila sura iandikie mwezi na mwaka, kisha... ngoja. Ngoja kidogo, nairudisha kamera. Mnapaona hapa? Juu imeandikwa 1967, chini Asha anapanda treni, anatoka Mbeya kwenda Dar es Salaam. Treni gani? Reli ya TAZARA ilijengwa kati ya 1970 na 1975! Hili sikulipanga, ila limekuja mahali pake. Sasa usifute tu "treni" ukaandika "basi" ukapita. Jiulize mwaka ule njia ilikuwaje. Ilikuwa ya vumbi, na malori yalikuwa yanapeleka mafuta Zambia kwa sababu njia ya kupitia Rhodesia ilikuwa imekatika. Basi mpandishe Asha kwenye lori linalorudi Dar. Umepata dereva, umepata vumbi, umepata safari ya hatari. Sura imenenepa.

Samahani kwa kelele, mvua hiyo imepiga bati. Naongeza sauti, na ni vizuri, maana hatua inayofuata ni kusoma kwa sauti.

Soma majibizano yote. Bibi wa Tukuyu na kondakta wa stendi ya Kabwe wakiongea namna moja, mmoja wao hujamsikiliza. Halafu chunga hii a- yetu ya mwanzo wa kitenzi, inabeba kila mtu. Sikilizeni: "Asha alimtazama mama yake. Alikuwa amechoka. Alimwambia akalale." Nani kachoka? Nani akalale? Mwandishi anajua, msomaji hajui. Andika: "Mama alikuwa amechoka. 'Nenda ukapumzike, mama,' Asha akasema." Imekwisha.

Sasa majina. Hapa naomba mtulie kabisa. Mteja anataka Asha aitwe Atupele, kwa kuwa ni binti wa Rungwe, na jina linamkaa. Lakini usibonyeze "badilisha zote". Narudia, usibonyeze. Nimetengeneza nakala ya kuharibu, tazameni. Nabonyeza... haya someni: "Alikatiza kwenye mAtupelemba ya chai." Hapa: "AkawAtupele taa." Na huku mwalimu anasoma mAtupeleiri! Asha yumo ndani ya mashamba, yumo kwenye kuwasha, yumo kwenye mashairi, na kompyuta imemfuata kotekote.

Kwa hiyo, kwanza hifadhi nakala nyingine ya faili yenye tarehe ya leo. Umeihifadhi? Hakikisha. Kisha chagua itafute neno zima, na herufi kubwa zilingane. Kisha badilisha moja moja, kwa jicho. Moja moja, jamani, hata yakiwa mia tatu! Kwa sababu Mama Asha wa sura ya nane ni jirani tu. Akigeuka Mama Atupele, umempa binti mama wawili, na hakuna programu itakayokushtua.

Jina likishatulia, chapa upya, anza kusoma tangu sura ya kwanza, na safari hii kalamu nyekundu ruksa. Mlio Mbeya, njooni Mwanjelwa niwachapie na kuwatilia spairo. Mlio mbali, niandikieni kwenye maoni mmekwama sura ya ngapi na kwa nini, nitachagua moja tuipitie hapa. Ndaga fijo, asanteni sana.